Kupandisha kalsiamu kwenye seli za ngozi na kubaini kimeng'enya kilichofanya kazi

Chukua keratinosaiti (seli za tabaka la juu la ngozi) za binadamu zinazogawanyika kwenye midia, yaani maji ya kulishia seli, yenye kalsiamu ya 0.06 mM, ipandishe kalsiamu hadi 1.2 mM, kisha subiri siku tatu. Seli zilizokuwa zimetawanyika mojamoja zitakuwa zimeshikana, zimelala bapa, zimeanza kupanda juu ya nyingine na kutoa protini za tabaka za juu za ngozi. Kumwaga kalsiamu ni kazi ya dakika moja. Kazi ngumu ni kusema kwa uhakika ni kimeng'enya kipi kilichobeba ishara hiyo, na watu wengi hukosea kabla hata ya kushika chupa ya kalsiamu: seli zao zilishaanza kukomaa zenyewe. Katika maelezo haya, kukomaa ni seli kuacha kugawanyika na kushika njia ya kuwa gamba.

Mkondo wenyewe, kwa ufupi

Ndani ya ngozi hai kalsiamu haijasambaa sawasawa. Ni chache chini, kwenye seli za msingi. Huongezeka kadiri unavyopanda, hufika kilele kwenye tabaka la chembechembe, kisha huporomoka kwenye tabaka la pembe. Mwaka 1980 Hennings, Yuspa na wenzao walionyesha kwamba ngazi hiyo inaweza kuigizwa kwenye sahani kwa seli za panya, na miaka michache baadaye midia za kalsiamu ndogo zisizo na seramu zikapatikana kwa seli za binadamu.

Kalsiamu ya nje hugusa kipokezi chake kwenye utando wa seli, na pia huruhusu kadherini E kuunganisha seli na jirani yake. Njia zote mbili huamsha fosfolipasi C (PLC): PLCβ kupitia kipokezi, PLCγ1 kupitia kadherini na kinasi ya PI3 (kinasi ni kimeng'enya kinachopachika fosfeti). PLC hukata mafuta ya utando yaitwayo PIP2 na kutoa vipande viwili. IP3 huenda kufungua ghala la kalsiamu lililo ndani ya seli. Diasilgliseroli (DAG) hubaki kwenye utando na kuiita kinasi C ya protini (PKC).

Hapa ndipo pa kuwa makini, kwa sababu PKC ni ukoo. Keratinosaiti zina α, δ, ε, η na ζ. PKCα inahitaji kalsiamu pamoja na DAG. PKCδ, ε na η zinahitaji DAG tu. PKCζ haijali kimojawapo. PKCη ina tabia ya pekee: huamshwa pia na kolesteroli salfeti, mafuta yanayojaa kwenye tabaka za juu za ngozi. Kwa hiyo mtu akiandika kwamba "PKC inakomaza seli za ngozi" bila kutaja aina, hajasema kitu cha kupimika.

Chini ya PKC kuna kinasi za MAPK. ERK1/2, inayosukumwa sana na kipokezi cha EGF (protini inayochochea ukuaji), kwa kawaida husaidia mgawanyiko. Upande wa ukomavu, PKCδ husukuma mkondo unaoishia kwenye p38δ, kinasi nyingine ya MAPK, nayo huamsha protini za AP-1 zinazokaa kwenye swichi ya jeni ya involukrini, protini ya ukomavu. Mwishoni kabisa yupo fundi wa kufunga kazi, transglutaminasi 1, ambayo hushona involukrini, lorikrini na nyingine kuwa ganda gumu chini ya utando. Hiyo nayo inahitaji kalsiamu. Umuhimu wake unaonekana wodini: mtoto mwenye jeni ya TGM1 iliyoharibika pande zote mbili anaweza kuzaliwa amefunikwa na utando unaong'aa kama nailoni, kisha ngozi yake ikabaki na magamba mapana maisha yote.

Seli za kutumia

Seli za msingi kutoka kwenye magovi ya tohara ndizo zinazokua vizuri kuliko zote. Upatikanaji wake Afrika Mashariki si tatizo, mradi karatasi ziwe tayari kabla: ridhaa ya mzazi au mhusika, kibali cha maadili, na kwa Tanzania idhini ya NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba), kwa Kenya kibali cha NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi) juu ya kile cha kamati ya maadili. Kipande kisafirishwe kwenye baridi ya 4 °C, ndani ya midia yenye dawa ya kuua vimelea, kifike maabara ndani ya saa 24.

Ondoa mafuta yote ya chini, kata vipande vya milimita 5 hivi, uvilaze usiku kucha (saa 16 hadi 18) kwenye dispasi, kimeng'enya kinachotenganisha tabaka za ngozi, kwa 4 °C. Asubuhi, tabaka la juu linapaswa kubanduka kwa kibanio kama ganda la yai lililochemshwa. Likikataa, dispasi imechoka au mafuta yalibaki. Usilazimishe kwa kukwangua, utaleta seli za chini ya ngozi ambazo zitazishinda keratinosaiti kwa wiki moja tu. Tabaka lililobanduka liwekwe kwenye tripsini ya 0.05% yenye EDTA, 37 °C, dakika 10 hadi 15, ukitikisa mara kwa mara.

Kuzima tripsini ndiko kosa la kwanza linapoingilia. Seramu ya ndama huzima vizuri, lakini imejaa kalsiamu. Midia yenye 10% ya seramu huwa tayari na kalsiamu ya ziada ya karibu 0.3 mM, ambayo inatosha kabisa kuanzisha safari ya kukomaa. Tumia kizuizi cha tripsini cha soya. Huna? Tumia seramu, lakini zungusha seli kwenye sentrifuji, mwaga kila tone, osha kwa PBS (maji ya chumvi yenye fosfeti) isiyo na kalsiamu, zungusha tena.

Tumia seli za kizazi cha 2 hadi cha 4. Baada ya hapo huanza kuvimba, kupunguza mwendo na kutoa involukrini bila kuombwa.

Wengi hupenda HaCaT, ukoo wa keratinosaiti usiokufa, kwa kuwa haichoki na haidai midia ya bei mbaya. Tatizo ni kwamba imezoea DMEM yenye kalsiamu ya 1.8 mM, na p53 yake, protini inayodhibiti mgawanyiko, imebadilika. Ukiihamishia midia ya kalsiamu ndogo Jumatatu na kufanya jaribio Alhamisi, kipimo chako cha sifuri si sifuri. Ipe wiki mbili hadi tatu kwenye kalsiamu ndogo na seramu iliyochujwa kwa resini ya Chelex inayonasa kalsiamu, hadi keratini 10, alama ya ukomavu, ishuke kweli kwenye jeli (kipimo cha protini kwa kingamwili). Ikiwa unaweza kupata N/TERT-1, ukoo mwingine wa keratinosaiti, hiyo ni afadhali.

Kuandaa kalsiamu

Pima gramu 1.47 za CaCl2 yenye molekuli mbili za maji, yeyusha kwenye maji safi ya maabara hadi mililita 100, chuja kwa 0.22 µm. Hiyo ni 100 mM. Epuka ile kavu isiyo na maji: hunywa unyevu wa hewa, na kwenye maabara za pwani kopo lililofunguliwa mara kumi halina tena uzito ulioandikwa kwenye lebo.

Kwenye sahani ya visima 6, kila kisima kikiwa na mililita 2 za midia, kutoka 0.06 hadi 1.2 mM unahitaji nyongeza ya 1.14 mM, yaani 22.8 µL za 100 mM. Dondosha polepole huku ukizungusha sahani. Ukimwaga 1 M kwa mkupuo mahali pamoja, kalsiamu hukutana na fosfeti na kutengeneza vumbi jeupe. Utaliona chini ya hadubini kama mchanga unaometa juu ya seli. Kisima hicho kitupwe, kwa sababu hujui tena kalsiamu huru imebaki kiasi gani.

Neno moja kuhusu vyombo. Chupa za kioo zilizooshwa kwa maji ya kisima huacha kalsiamu kwenye kuta. Kwa kazi nyingine haina madhara, lakini hapa unacheza na 0.06 mM. Suuza mara tatu kwa maji yasiyo na madini au tumia plastiki mpya.

Siku ya jaribio

Panda seli 50,000 kwa kila kisima, sawa na 5,000 hivi kwa sentimita mraba. Baada ya siku tatu au nne zitafika 60 hadi 70% ya eneo. Anza hapo. Ukingoja hadi zijaze kisima, msongamano wenyewe huamsha keratini 1, keratini 10 na involukrini hata kalsiamu ikiwa 0.06 mM, na hapo utabaki unalinganisha seli zilizokomaa na zilizokomaa zaidi. Ukiona maeneo yenye seli bapa zenye mipaka iliyofutika kabla ya kuongeza chochote, umechelewa.

Usibadilishe midia dakika ya kuongeza kalsiamu. Midia mpya huja na EGF mpya, na ERK huruka ndani ya dakika 5. Mtu akisoma jeli yake atadhani kalsiamu imeamsha ERK, kumbe ni chakula kipya. Badilisha usiku uliotangulia, kisha siku ya jaribio ongeza ile kalsiamu ya 100 mM ndani ya midia ileile. Kisima cha kulinganisha kipewe ujazo uleule wa NaCl ya 100 mM. Ikiwa swali lako ni ERK hasa, ondoa EGF kwa saa 12 hadi 16 kabla, huku ukikumbuka kwamba kuinyima seli EGF nako huisukuma kidogo kuelekea ukomavu. Kwa hiyo kisima kisicho na kalsiamu kinyimwe vilevile.

Vizuizi viingie dakika 30 hadi 60 kabla ya kalsiamu. DMSO, kiyeyushio cha dawa hizo, isizidi 0.1%, na iwepo kwenye visima vyote, hata visivyo na dawa. Ili kupata 1 µM kwenye mililita 2, usijaribu kupima 0.2 µL za 10 mM. Tengeneza kwanza 1 mM ndani ya DMSO, kisha weka 2 µL. Jaribio likivuka saa 24, rudishia dawa kila siku.

Vizuizi na uongo wake

PLC huzuiwa kwa U73122 ya 1 hadi 5 µM, sambamba na U73343, pacha wake asiye na makali. Pacha akifanya kazi sawa na dawa, matokeo yako hayahusu PLC. U73122 pia hushambulia salfa za protini nyingine na kuvuruga ghala la kalsiamu, kwa hiyo isiwe ushahidi wako pekee.

Kwa PKC, bisindolilmaleimidi I ya 1 hadi 5 µM huzuia aina nyingi. Gö6976 ya 1 µM hulenga zile zinazotegemea kalsiamu, na kwa keratinosaiti hiyo ina maana ya α. Lakini hunasa pia PKD, ambayo si ya ukoo huo na ina kazi zake kwenye mgawanyiko. Tofauti kati ya dawa hizi mbili ni kidokezo tu. Kinachothibitisha ni kuzima jeni moja kwa siRNA, kipande kifupi cha RNA kinachonyamazisha jeni: PRKCA kwa α, PRKCD kwa δ. Weka siRNA seli zikiwa 30 hadi 50%, subiri saa 48, pima kwamba protini imeshuka kweli, ndipo uongeze kalsiamu. Ziwe siRNA mbili tofauti kwa kila jeni, kwa sababu mafuta ya kubebea siRNA huwa yanazichosha keratinosaiti na seli zilizochoka huonekana kama zilizokomaa.

Rottlerini iache dukani. Kwa miaka iliuzwa kama kizuizi cha PKCδ, na bado inaonekana kwenye makala. Majaribio ya mwaka 2000 kwenye kinasi safi yalionyesha kwamba haizuii PKCδ kama ilivyodaiwa, na baadaye ikaonekana inaharibu uzalishaji wa nishati kwenye mitokondria. Seli isiyo na nishati haitengenezi involukrini, kwa hiyo matokeo huonekana mazuri sana.

Mtego mwingine uko kwenye p38. SB203580 huzuia p38α na β tu. Ukiiweka na involukrini ikaendelea kupanda, usihitimishe kwamba p38 haihusiki: δ haijaguswa kabisa. BIRB 796 kwa dozi kubwa hufika hadi δ, na siRNA ya MAPK13 huimaliza hoja. Kingamwili ya p38 yenye fosfeti pia haitofautishi aina hizo, kwa hiyo ukitaka kuona δ peke yake, ivute kwanza kwa kingamwili yake kabla ya jeli.

Kemikali ya TPA ya 10 hadi 100 nM huwasha PKC bila kupitia kalsiamu, ikiiga DAG. Ni nzuri kama kipimo chanya cha involukrini na transglutaminasi 1. Ila saa 24 baadaye seli huwa imeshazila PKC zake nyingi, hasa α, δ na ε, na dawa iliyowasha inakuwa dawa ya kuzima. Taja muda kila unapotaja TPA. Na usishangae keratini 10 ikishuka: PKC ikiwashwa kwa nguvu hurusha seli kuelekea tabaka la chembechembe na kuiruka hatua inayotengeneza keratini 1 na 10. Mtu anayepima keratini 10 peke yake angesema TPA inazuia ukomavu. Anayepima involukrini peke yake angesema kinyume. Pima zote mbili.

Kuvuna kwa saa sahihi

Kila kitu kina wakati wake. Kalsiamu ndani ya seli hupanda ndani ya sekunde hadi dakika. PKC kuhamia utandoni na kinasi kupachikwa fosfeti kuonekane kwenye dakika 5, 15, 30 na 60. Keratini 10 na involukrini zitafutwe saa 24 na 48. Lorikrini na filagrini saa 72 na zaidi. Sampuli moja ya saa 24 kwa maswali yote haitoshi: ishara zimeshazima, na lorikrini bado haijaja.

Weka sahani juu ya barafu, osha mara moja kwa PBS baridi isiyo na kalsiamu, nyonya yote, kisha mimina 150 µL za bafa ya moto yenye SDS 2%, Tris 62.5 mM ya pH 6.8 na gliseroli 10%. Kwangua, chemsha 95 °C kwa dakika 5, pitisha kwenye sindano ya geji 25 mara kadhaa hadi ute wa DNA uishe.

Kwa nini si RIPA, bafa ya kawaida ya kuvunjia seli, ambayo kila mtu anayo? Kwa sababu keratini, na protini nyingi zilizokwisha kushonwa, haziyeyuki humo. Hubaki kwenye mashapo ambayo unayatupa baada ya sentrifuji. Kadiri seli zinavyokomaa ndivyo unavyotupa zaidi, na jeli yako itaonyesha ukomavu ukipungua siku ambayo kwa kweli umefika kilele.

Pima kiasi cha protini kwa kipimo cha rangi cha BCA; kile cha Bradford hakivumilii SDS nyingi kiasi hicho. DTT iongezwe baada ya kupima, kwa sababu huipotosha BCA. Weka 20 µg kwa kila mstari. Involukrini ya binadamu hukimbia karibu na 120 kDa ingawa uzito wake wa kweli ni karibu 68. Usidhani umenunua kingamwili mbovu. Keratini 10 huwa karibu na 56, keratini 14 karibu na 50, transglutaminasi 1 nzima karibu na 90, pamoja na vipande vyake. Aktini nayo hubadilika seli zinapojipanga upya, kwa hiyo paka rangi ya Ponceau S na ulinganishe na protini yote ya mstari.

Kuona PKC ikihama kunataka sampuli nyingine, isiyo na SDS. Vunja seli kwa bafa yenye digitonini 0.05% kwenye barafu, tenga sehemu ya majimaji, kisha yeyusha utando kwa Triton ya 1%. Lazima sehemu zote mbili ziwe kwenye jeli moja. Utando ukipanda bila majimaji kushuka, huenda umeona uchafu wa kutenga vibaya.

Kipimo cha mwisho ni ganda lenyewe. Siku ya 5 hadi ya 7, hesabu seli, zichemshe dakika 10 kwenye SDS 2% na DTT 20 mM, kisha hesabu kinachobaki kwenye chumba cha kuhesabia seli. Kila kitu huyeyuka isipokuwa maganda yaliyoshonwa, yanayoonekana kama vipande vya ngozi ya kitunguu, vyenye kingo kali. Ukipima nguvu ya transglutaminasi kwa kadaverini yenye biotini badala yake, hakikisha bafa ya kuvunjia haina EDTA, au ongeza CaCl2 ya kuizidi. La sivyo utasoma sifuri kila kisima.

Visima vitatu vya mtu mmoja ni kipimo kimoja. Tumia seli za watoaji watatu au zaidi, na usichanganye za govi na za tumbo la mtu mzima kwenye jedwali moja, kwa sababu mwendo wao wa kukomaa hutofautiana. Mtoaji mmoja akikataa kujibu kalsiamu, kabla ya kumtoa angalia picha za siku ya sifuri: mara nyingi seli zake zilikuwa zimeshabana.